Ghorofa ya binti, funguo za mkwe

Saa tano za usiku, mtaa wa Mkomani, Lamu. Kijana mmoja wa mtaa wetu amesimama mbele ya mlango wa nakshi, abisha kwa kidole kimoja asije akaamsha watu. Boti yake ya abiria imechelewa kutoka Mokowe, injini imemsumbua njiani. Mkewe yuko ghorofa ya juu, amelala na mtoto, simu imezima. Anayeshuka kufungua ni baba mkwe, tochi mkononi, kikoi kimefungwa ovyo.

"Ndiyo kwanza wafika?"

"Ndiyo mzee, niwie radhi."

Basi, hapakuwa na neno zaidi. Lakini asubuhi yake barazani kijana alinambia, "Hii mara ya tatu mwezi huu. Natafuta chumba mtaa wa Langoni." Mkewe hataki hata kulisikia jina la Langoni. Nimewasikiliza wote wawili, na ugumu wa mambo ni kwamba kila mmoja ana haki yake.

Kwa asiyeijua Lamu, hapa mambo huenda kinyume na kwingi. Malindi kijana akioa atapanga chumba Maweni au Ngala, au atampeleka mke kwa mavyaa. Kwetu, mzee mwenye uwezo akipata binti huanza kuwaza ghorofa. Siku ya harusi binti hahami, bwana ndiye aingiaye nyumbani. Fungate huliwa kwao mwanamke, siku 7, na wengine fungate hiyo huwafikisha kwenye wajukuu. Ndiyo maana nyumba za mawe zikapanda juu. Chini wazee, juu binti, na nafasi ikiwa imekwisha watu huruka njia kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kikashika ukuta wa pili.

Tuanze na mke, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko wanaume tunavyopenda kukiri. Mwanamke aliyeolewa juu ya ghorofa yake, ndoa ikivunjika, anayebeba sanduku ni mwanamume. Watoto hawahami, madrasa haibadiliki. Aliyeachwa kwenye chumba cha kupanga ana hali nyingine kabisa. Sheria ya dini yasema mtalaka akaliaye eda apewe makazi, na aya ya 6 ya Suratut-Talaq iko wazi. Ila mwenye nyumba hasomi aya, asoma ujumbe wa M-Pesa. Ikifika tarehe 5 hakuna kitu, atagonga.

Pana na mengine madogo ambayo ndiyo maisha yenyewe. Mtoto akipandwa na homa usiku, bibi yuko ngazi moja chini. Ramadhani futari yapikwa sufuria moja. Na kazi ya bwana ni ya bahari: kusi ikivuma vizuri na wageni wakapungua, boti hulala gatini siku mbili tatu. Kodi haijui kusi wala kaskazi.

Sasa mume. Wanaomcheka kwamba "akaa kwa mkewe" ni watu wa kuja, mwenyeji wa Lamu haoni aibu hapo. Lakini yeye asema dini hiyo hiyo imemwekea yeye jukumu la maskani, si mkwewe. Kukaa bure ni deni lisilo na tarehe, na deni la namna hiyo humfanya mtu abishe kwa kidole kimoja.

Halafu tuitazame nyumba yenyewe, maana watu hujadili ndoa wakasahau kuta. Boriti za mkoko hazivuki upana wa mita 3 hivi, kwa hivyo vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na vimepangwa kimoja nyuma ya chenzake: msana wa tini (ukumbi wa mbele), msana wa yuu (ukumbi wa pili), kisha ndani. Ukipewa "ndani" uishi na mkeo, kila ukienda kulala wapita mbele ya wakwe. Kiwanda, yaani ua wa katikati ya nyumba, nacho kiko wazi mpaka mbinguni. Ukuta wa mawe ni mnene, lakini mwenye kukohoa juu asikika chini, na mwenye kugombana pia. Jiko la zamani liko darini, chini ya kivuli cha makuti. Maana yake mama mkwe alfajiri apanda na unga wake, apita mlangoni pa wanandoa, na kijana aliyelala saa nane asikia kila hatua. Siku hizi kuna mtungi wa gesi na unaweza kupikia pembeni, ila kina mama wetu wengine wasema mahamri ya gesi hayafuri sawa. (Sijaona tofauti, lakini sijathubutu kusema.)

Kwa hivyo swali la kwanza ningewauliza si "ukweni au kupanga?" bali "ngazi ni ya nani?" Mwenye ghorofa nzima, na ngazi inayotoka mlangoni moja kwa moja, amejitegemea hata kama chini kuna wakwe. Aliyepewa chumba ndani ya nyumba ya wazee ni mgeni aliyeoa. Watu huyaita mambo haya mawili kwa jina moja, kisha wakashangaa kwamba huyu amenenepa na yule amekonda.

Swali la pili ni karatasi, na hapa ndipo ningekaa zaidi, maana ndipo wengi wanapoumia. Mzee husema mbele ya watu, "Juu ni kwa binti yangu." Kila mtu huitikia, kisha siku hupita. Lakini hiba, yaani zawadi ya mali atoayo mtu akiwa hai, kwa madhehebu ya Shafii tunayofuata wengi pwani, hukamilika kwa kukabidhi, si kwa kusema tu. Mzee akifa bado ameshika funguo na hati, ghorofa yaweza kurudi kwenye mirathi, na hapo kaka ana mafungu mawili kwa moja la dada. Kaka naye si mwizi. Ana hoja kwamba mzazi ameamrishwa kufanya uadilifu baina ya watoto, na yeye miaka yote alipanga Wiyoni huku dada akikaa bure. Kesi ya aina hiyo ikifika kwa kadhi, ambaye kifungu cha 170 cha katiba ya Kenya kimempa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali mahakama yake, ushahidi utakuwa kumbukumbu za wazee wa barazani. Nao hawakumbuki sawa.

Karatasi humkinga mume pia. Kijana huyu ameweka tangi la maji darini, amebadilisha nyaya za umeme, ametia vigae chooni. Siku wakiachana ataondoka na nini? Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kifungu cha 9, yasema mwenzi aliyechangia kuitengeneza mali ya mwenziwe hupata haki kwa kadiri ya mchango wake, ingawa kifungu cha 3 chawaachia Waislamu wafuate sheria yao katika mali ya ndoa. Kwa njia yoyote atakayoshika, ataulizwa risiti. Nilipomuuliza alicheka: tangi lilikuja na punda, fundi akalipwa mkononi.

Langoni sasa. Sitaki kukidharau chumba cha kupanga, wengi wetu tumezaliwa humo. Funguo ziko mfukoni mwako, wala huombi radhi saa tano. Lakini tukisema kweli, cha bei anayoiweza ni bati juu, choo cha wapangaji wanne, mita ya umeme ya pamoja ambayo tokeni yake huzua ugomvi kila wiki. Mke atatoka kwenye ukuta wa mawe unaopoza mchana hadi kwenye joto la bati, ili mumewe asifunguliwe mlango na babake. Hapo ndipo anaposema mume amtafutia fahari yake, si nyumba yake, na ukali wa maneno hayo nauelewa.

Na jambo jingine: ghorofa hizi zapungua. Nyumba kadhaa za Mkomani na Shela zimeuzwa kwa wageni wa Ulaya zikawa za mapumziko au za kukodisha watalii. Mzee mwenye mabinti wanne na nyumba moja inayovuja hawezi kulaumiwa akiuza. Wala si rahisi kupandisha ghorofa mpya: mji wa kale umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, huwezi kuamka ukarundika matofali ya simiti juu ya kuta za matumbawe bila ruhusa. Kwa hivyo binti aliye na ghorofa leo ameshika kitu ambacho mdogo wake huenda asikipate.

Mimi niko upande wa mke, kwa masharti. Wabaki juu. Mzee akabidhi kwa maandishi, watoto wote wa kiume wakiwapo na wakisikia. Vigae na tangi viandikwe. Na mlango utafutwe wa pili.

Hilo la mwisho nilimgusia mzee mwenyewe baada ya Ijumaa, kwa mbali, kama mtu azungumzaye habari za nyumba nyingine. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kwani yeye hana mdomo?" Wiki iliyofuata nilimwona na fundi uchochoroni nyuma ya nyumba, wapima ukuta kwa kamba. Kijana yuko hapo hapo, ameshika ncha ya pili.