Mafuta ya kula, siku 25 za Indonesia na gunia la alizeti Singida

Kila mafuta yakipanda bei mjini utasikia hayo hayo, serikali ifute ushuru wa mafuta ya nje, mawese yaje kwa wingi watu wapumue, kwani mkulima wa alizeti ni nani mpaka tubebe gharama zake. Na wana hoja. Mama anayekaanga maandazi saa kumi na moja alfajiri hawezi kusubiri Singida wavune, anataka dumu la lita 20 leo. Tena mchikichi, mti wa mawese, hauna mpinzani, hekta moja inatoa tani tatu za mafuta na zaidi, alizeti hata tani moja huifikishi.

Lakini hao tunaowategemea ni wangapi? Wawili. Indonesia na Malaysia wanatoa zaidi ya asilimia 80 ya mawese yote duniani, na sisi Tanzania zaidi ya nusu ya mafuta tunayokula tunaagiza nje. Sasa kumbuka 2022, Februari vita ikaanza Ukraine ambao ndo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti, afu Aprili 28 Indonesia nao wakafunga kuuza mawese nje mpaka Mei 23. Siku 25 tu. Na hawakutuonea, watu wao walikuwa wanapanga foleni ya mafuta kwenye nchi inayoongoza duniani kuyazalisha, rais wao akaanza na wa kwake, ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Ndo inayonitisha hiyo, siku 25, uamuzi wa halali kabisa wa watu wa mbali na huku kikaango kinakauka.

Sasa rudi kwa mkulima. 2021 Waziri Mkuu Majaliwa alienda Singida mwenyewe kuhamasisha alizeti, watu wakaongeza mashamba, 2023 bei ikaanguka, magunia yamepangwa ndani hadi mlangoni na mnunuzi anataja bei isiyorudisha hata hela ya kulima. Mtu huyo mwakani analima dengu. Mashine ya kukamua inakosa mbegu, mfugaji anakosa mashudu, na siku Indonesia wakifunga tena tutamtafuta yeye yule.

Mi sisemi tufunge mawese, hatuna uwezo huo. Ila alizeti inapandwa Desemba, Januari, na bajeti inayopanga ushuru wa mafuta ya nje inasomwa Juni mkulima akiwa anavuna, kwahiyo anapanda kwa ushuru huu anauza kwa ushuru mwingine. Kiwekwe kiwango kimoja cha ushuru kikae hata miaka mitano, ajue kabla hajaingiza trekta shambani.