Kufuli la Tairi

Nimeamua kuandika mwenyewe kwa sababu yule ndugu yetu wa besi ameshatuma sauti ya dakika nne kwenye kundi la kwaya, na humo anadai gari langu lilivutwa na bibi kizee. Uongo. Bibi hakuvuta kitu. Bibi aliuliza swali tu, na afadhali angevuta.

Gari lenyewe mnalijua. Ile Hilux ya zamani, nyeupe, niliyoinunua baada ya kuuza viazi, nikawatangazia watu wote kwamba hii ni fo wili, tairi zote nne zinavuta. Nilitangaza kanisani, nikatangaza sokoni Mwanjelwa, hata muuza chipsi nilimtangazia. Kuna mmoja akaniuliza hiyo fo wili inafanyaje kazi. Nikamjibu, "Inapanda." Darasa likaishia hapo.

Sasa Jumamosi kwaya tumealikwa kwenye kipaimara, kule juu, ukishaacha lami pale Isyonje unaingia njia za mashamba. Na ni mwezi wa nne. Anayeijua milima ya Uporoto ya mwezi wa nne nisimchoshe. Asiyeijua achukue kipande cha sabuni, akiloweshe, halafu ajaribu kukipanda. Kosta tuliyoahidiwa ikaingia mitini, nami mdomo wangu ukatangulia: "Pandeni langu." Ndani wanne, nyuma tisa pamoja na kinanda na spika. (Askari wa barabarani, kama umo humu, sentensi hiyo iruke.)

Kilima cha tatu tukazama.

Hapa naomba niende polepole, kwa sababu hapa ndipo huyu wa besi anapopotosha.

Watu wakashuka. Mwalimu wa kwaya akasema tusukume. Mimi nikacheka. Nikashusha kioo, nikatoa kiwiko nje, nikasema kwa sauti ambayo naijutia mpaka leo: "Msisukume, mtachafuka bure. Simameni hapo nyuma mtazame." Hapo nyuma! Mimi ndiye niliyewapanga. Mashati meupe, sketi za bluu, safu mbili kama wanangoja nota.

Nikashika kile kigia kidogo kando ya gia kubwa, nikakitoa H2 (zinavuta za nyuma tu), nikakipeleka H4 (zinavuta zote nne). Taa ikawaka kwenye dashibodi. Nilipoiona nikajisikia rubani. Nikakanyaga mafuta.

Tairi za nyuma zikazunguka. Zikachimba. Zikachota tope jekundu na kuligawa bila upendeleo: sauti ya kwanza wakapata, ya pili wakapata, tena wakapata mara mbili. Za mbele zimetulia tuli, kama wazee wa baraza kwenye kesi isiyowahusu. Mwalimu alikuwa amefungua kinywa aseme "acha". Neno halikutoka, kwa sababu kuna kitu kiliingia.

Mtu mwenye akili angeshuka. Mimi nikaenda L4, ile gia nzito ya kupandia. Injini ikanguruma kama trekta, na zile za nyuma zikaendelea kuchimba shimo lilelile, safari hii kwa utulivu na heshima.

Wakati huo wenye mashamba wameshajaa kwenye kingo, majembe begani. Akateremka bibi mmoja, kanga kiunoni, akaja mpaka dirishani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hizi za mbele mbona hazilimi?"

"Zitalima tu, bibi. Zinapata moto kwanza."

Ndiyo, nilisema hivyo. Endeleeni kucheka.

Bibi akaziangalia, akaniangalia. "Yule kijana anayekuja kubeba viazi, akifika hapa huwa anashuka kwanza. Anakizungusha hicho, hapo katikati ya tairi."

Nikachungulia. Pale katikati ya tairi la mbele pana kile kiduara, kina maandishi mawili, FREE na LOCK. Hapo ndipo nilipaswa kunyamaza. Mungu alinipa nafasi ya kunyamaza, nikaona kabisa inapita. Badala yake nikamwelekeza bibi wa watu, kwa upole, mbele ya kwaya nzima:

"Hapana, bibi. Hicho ni kufuli. Ni cha wezi wa tairi. Hicho nafunga usiku."

Kimya. Nilisikia tope likidondoka kutoka kwenye kinanda.

Yule wa besi akasogea. "Unafunga usiku?"

"Kila usiku."

"Na asubuhi?"

"Nafungua. Siwezi kutembea na tairi limefungwa."

Miezi mitano, jamani. Miezi mitano nimetoka na tochi kwenye baridi ya Mbeya, mvua ikinyesha, nikainama kufunga tairi mbili za mbele. Za nyuma hazina, na hilo nililitafutia jibu: mwizi akikuta mbele kumefungwa atakata tamaa. Jirani yangu mwenye Noah alinikuta usiku mmoja, akavutiwa, akauliza vitu hivyo vinauzwa wapi.

Wa besi akakaa chini kwenye tope. Sikuwahi kuona mtu akikaa kwenye tope kwa hiari. Alipopata pumzi (zamani alikuwa tingo wa gari la mkaa, hili sikulijua) akanieleza. Hizo ni hab. Zikiwa FREE, tairi za mbele zinaburuzwa tu, hazishikamani na ekseli yake. Kile kigia kidogo kinapeleka nguvu mbele, propela (lile bomba refu la chini) inazunguka, difu (gia za katikati ya ekseli) inazunguka, taa inawaka, halafu nguvu inafika mlangoni kwa tairi inakuta hakuna aliyefungua. Kwa hiyo kila usiku gari limeegeshwa ndipo lilikuwa tayari kupanda mlima, na kila asubuhi nikitoka nalo nalivua uwezo.

Tukafunga hab zote mbili. Nikasubiri muujiza, na bado tairi moja la mbele lililokaa kwenye tope laini likawa linazunguka peke yake, mwenzake kasimama. Kumbe difu ya kawaida ndivyo ilivyo, tairi likikosa pa kushika linazunguka ovyo na lile lingine halipati nguvu ya maana. Tukaweka mawe na magunia chini, likapanda. Bibi alisema "ndaga fijo", yaani asante sana, tulipompa lifti. Kipaimara tulifika watu wakinawa mikono, tukaimba tukiwa wekundu, tukala, basi.

Mngedhani imeisha. Wakati wa kurudi, kwa kuwa nimeshakuwa mtaalamu, sikufungua kitu. Hab LOCK, gia H4, nikaingia lami namna hiyohiyo mpaka Uyole. Kukata kona niingie kituo cha mafuta, usukani ukawa mzito kama nazungusha jiwe la kusagia, tairi zikalia, gari likaanza kurukaruka kama mbuzi aliyefungwa miguu. Nikajua giaboksi imekufa. Kigia kidogo nakivuta, hakitoki.

"Rudi nyuma," akasema wa besi bila kufumbua macho. Nikarudi mita chache, kikachomoka chenyewe: klak. Kumbe kwenye kona tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma, na kwa gari hili H4 imezifunga zizunguke sawa. Kwenye tope tairi linateleza kidogo, mambo yanaisha. Kwenye lami kavu haliwezi, mvutano unajazana kwenye propela na giaboksi mpaka kitu kiruke au kikatike. Alinieleza hayo mbele ya vijana wa pampu. Wawili tayari walikuwa na simu mkononi.

Sare nimelipia kufuliwa. Kinanda kina funguo tatu haziongei. Kwenye kundi sasa wananiita Mlinzi.

Ila jana saa tano jirani wa Noah kanipigia. Alikuwa ameshinda sokoni SIDO kutwa nzima anatafuta yale makufuli, kila duka wanamcheka. Akaomba nimwelekeze fundi. Nimemwambia yameadimika kidogo, avute subira. Humu hayumo, nimeangalia.