Arua hadi Kampala hatua 100, Kampala hadi Arua 3,900

Mnyime mtu ramani, mpe kete. Kila anapofika njia panda anarusha kete na kufuata njia iliyomwangukia, hata ikiwa ni ileile aliyotokea, wala hakumbuki alikopita. Wanahisabati huyaita matembezi nasibu. Swali lao juu yake linatamkika kirahisi: kwa wastani, itamchukua hatua ngapi kufika kituo fulani, hatua moja ikiwa ni kutoka kituo kimoja hadi kinachofuata?

Wapo wanaoona hata kuuliza hivyo ni kupoteza muda, maana hakuna mwenye akili anayesafiri kwa kete. Wapo pia, hasa watu wa kompyuta, wanaomsifu mtembezi huyu kwa sababu hagharimu kitu: hana daftari, hana mkuu wa msafara, na bado atafika. Nimewasikiliza wote. Naona wanagombana juu ya mtembezi wakati jibu limelala kwenye barabara zenyewe.

Chukua barabara yetu ya kwenda kaskazini mwa Uganda. Tuchore Kampala kama njia panda 20, Nakawa, Kibuye, Natete, Wandegeya na nyinginezo, na tujifanye kila moja imeungwa moja kwa moja na zote nyingine. Kutoka Kawempe, mojawapo ya hizo 20, tutoe mkia mmoja: Bombo, Wobulenzi, Luweero, Migyera, Kafu, Bweyale, Karuma, Pakwach, Nebbi, Arua. Nimeruka Kigumba, na nimefumbia macho njia za kwenda Masindi, Gulu na Lira, ili hesabu isitushinde. Jumla tuna vituo 30 na njia 200.

Mwenye kete akianzia Arua, atafika Kawempe kwa wastani wa hatua 100. Akianzia Kawempe kwenda Arua, wastani ni hatua 3,900. Barabara ni ileile, kete ni ileile, lakini kwenda ni mara 39 ya kurudi.

Ukimtazama pale Kawempe utaelewa. Ana njia 20 mbele yake, na moja tu ndiyo ya Bombo. Mara 19 kati ya 20 anarudishwa mjini, na akishazama mjini ataibukia tena Kawempe baada ya wastani wa hatua 19. Siku akibahatika kuingia Bombo, nusu kwa nusu anageuzwa palepale. Yule anayetoka Arua hana vishawishi hivyo: hakuna mji nyuma yake wa kumvuta, kuna mkia tu unaokwisha.

Kuna kanuni nzuri iliyothibitishwa mwaka 1989, na uzuri wake ni kwamba imeazimwa kwa mafundi umeme. Ichukulie kila njia kuwa waya wenye ukinzani wa omu moja, kizio cha kupimia jinsi waya unavyozuia umeme. Muda wa wastani wa kwenda na kurudi kati ya vituo viwili ni idadi ya njia zote mara mbili, kuzidisha ukinzani uliopo kati ya vituo hivyo. Kawempe hadi Arua ni waya kumi zilizofuatana, yaani omu 10, kwa hiyo 2 × 200 × 10 ni 4,000. Toa 100 za kurudi, unabaki na 3,900. Angalia ile 200 ilivyoingia: barabara za Kibuye na Natete, ambazo msafiri wa Arua hazihitaji kabisa, zinamlipisha.

Hapa ndipo wanaomdharau mtembezi wangepaswa kutega sikio, kwa kuwa hesabu hii inasema jambo ambalo akili ya kawaida hailitarajii. Vituo 30 hivyohivyo vikipangwa kwenye mstari mmoja mnyoofu, kutoka ncha hadi ncha ni wastani wa hatua 841. Ongeza njia kati ya vile 20 vya kwanza mpaka upate Kampala yetu, na safari ya kutoka Nakawa hadi Arua inapanda kufikia 3,919. Umejenga barabara mpya 171 na umemchelewesha msafiri zaidi ya mara nne. Endelea kujenga mpaka kila kituo kiungwe na kila kingine, Arua na Natete uso kwa uso, na muda unaporomoka hadi 29. Njia nyingi zinaponya au zinaumiza kutegemea zimewekwa wapi. Umbo hili la mji uliosongamana wenye mkia mrefu ndilo baya kupita yote: mwaka 1995 mwanasayansi wa kompyuta Uriel Feige alithibitisha kwamba kwa mtandao mkubwa, muda wa wastani wa kuvipitia vituo vyote hauzidi takriban 4/27 ya idadi ya vituo ikiwa kipeo cha tatu, na maumbo kama haya ndiyo yanayoufikia mpaka huo.

Wastani wenyewe nao una ujanja. Kwenye mtandao kama huu karibu nusu ya watembezi watakuwa wameshafika Arua kabla ya hatua ya 2,700, ila takriban sita kati ya mia watazidi 11,000. Ukimwahidi mtu 3,900 utamkosea karibu kila mara.

Upande wa sifa una hoja yake. Mwaka 1979 watafiti Aleliunas, Karp, Lipton, Lovász na Rackoff walionyesha kwamba muda wa wastani wa kupitia vituo vyote hauwezi kuzidi 2 × njia × (vituo − 1). Kwetu sisi hiyo ni 11,600. Ni nyingi, lakini ni dhamana kwa mtu asiyekumbuka chochote zaidi ya mahali alipo. Mwenye daftari anayetia alama kila njia angemaliza kwa hatua zisizozidi 400, na kwa vituo 30 daftari si gharama. Mambo hubadilika vituo vikiwa mabilioni. Hata hivyo hoja ya kumbukumbu ilipunguzwa makali mwaka 2005, mwanasayansi wa kompyuta Omer Reingold alipothibitisha kwamba kumbukumbu ndogo kiasi hicho inatosha kujua kama vituo viwili vimeungana hata bila kete. Njia yake ni nzito mno kwa matumizi ya kila siku, kwa hiyo kete bado zina kazi.

Mimi ningemtetea mtembezi kwa jambo jingine. Kutafuta hajui, kupima anajua. Muda wa wastani wa kurudi kituo ulichoanzia ni idadi ya njia zote mara mbili, kugawanya kwa njia zinazokutana hapo. Kwenye kitongoji chenye vipande 300 vya barabara, njia panda yenye matawi matano hurudiwa kila hatua 120, na mwisho wa kichochoro kila hatua 600, popote pale vilipo. Boda anayezurura bila abiria hatumii kete, lakini steji hazikukaa kwenye njia panda kwa bahati mbaya.

Hizi zote ni habari za njia za kwenda na kurudi. Weka njia za upande mmoja na dhamana inakufa. Ni kama fomu inayopita meza kumi, na kila meza ama inagonga muhuri ama inakurudisha mwanzo, nusu kwa nusu: wastani ni majaribio 2,046, kila kusimama mezani likiwa jaribio moja. Meza zikiwa 20, yanapita milioni mbili.

Dawa inayojulikana ni kuruka. Kipimo cha waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, cha mwaka 1998 cha kupanga kurasa za intaneti humwacha mtembezi afuate njia mara 85 kati ya mia, na mara 15 humrusha popote. Kwenye vituo vyetu 30, Arua ingefikiwa kwa wastani usiozidi hatua 200. Kinachosahaulika ni kwamba ili arushwe popote lazima kuwe na orodha ya popote, na mwenye orodha hiyo, jina la Arua likiwemo, angeweza kwenda kukata tiketi ya basi.