SEO mjini Lubumbashi: nani anatafutwa, na nani anamwaga dola zake

Kijana anayetengeneza tovuti mjini Lubumbashi siku hizi hauzi tovuti peke yake. Anaiuza pamoja na ahadi: "Papa, tutakuweka ku paje ya kwanza ya Google." Malipo ni ya kila mwezi, kwa dola, na kazi yenyewe huitwa SEO, yaani kuipanga tovuti ili mtu anapotafuta kitu kwenye intaneti aikute juu, si chini huko wasikofika watu. Wako wanaoapa kwamba biashara isiyo na SEO imekufa. Wako wanaosema ni wizi wa kisasa. Mimi naona ni kazi ya kweli, lakini biashara nyingi za Lubum haziihitaji, na wengi wanaoiuza wanauza ile nusu yake isiyo na faida.

Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko wanavyojua kuieleza. Wanunuzi wakubwa wa mji huu hawapiti mbele ya duka. Wako migodini, Fungurume, Kolwezi, kwenye shaba na kobalti. Mtu wa manunuzi ambaye pampu imemfia usiku hamjui muuza pampu wa mtaa wa Kampemba hapa Lubum, wala hana muda wa kuulizia. Anachukua simu, anaandika. Kisha kuna sheria ya Februari 2017 kuhusu kazi za ukandarasi mdogo, ile ya *sous-traitance*, inayotaka kazi hizo ziende kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake iko mikononi mwa Wakongomani. Maana yake ni kwamba kampuni kubwa ina sababu ya kutafuta wauzaji na mafundi wa hapa hapa. Mwenye ndugu ndani ya mgodi hahitaji SEO, atapigiwa tu. Asiye na ndugu, mlango wake ni upi? Kwake tovuti inayoonekana ni barua ya maombi inayojipeleka yenyewe.

Sasa angalia tovuti zenyewe. Ukurasa wa kwanza una picha ya mikono miwili inayosalimiana, mikono ambayo haijawahi kufika Katanga, na chini yake maneno makubwa kuhusu ubora, uadilifu na uongozi katika sekta. Unateremka mpaka mwisho hujui wanauza nini. Google inafanya kazi kwa programu inayopita kwenye kurasa, kuzisoma, kuzihifadhi, kisha kuzipima pale mtu anapouliza. Haiwezi kukuleta kwa jambo ambalo hukuliandika. Mteja ameandika "roulement Howo Lubumbashi", yaani beringi ya lori la Howo, na tovuti yako haina neno Howo hata mara moja. Hapo usimlaumu Google. Nusu yenye faida ya SEO ni hiyo tu: ukurasa mmoja kwa kila aina ya bidhaa, kichwa kinachosema bidhaa na mji, namba za vipuri, kilichopo ghalani na kinachoagizwa, simu inayopokelewa. Hakuna uchawi, na mtu wa ghala anaweza kuandika mengi ya hayo vizuri kuliko fundi wa kompyuta.

Suala la lugha linanivutia zaidi, na sisikii likizungumzwa. Sokoni na nyumbani tunaongea Kiswahili, lakini mtu akitafuta kitu cha kazi anaandika Kifaransa, kwa sababu faktua, maandishi ya ofisini na majina ya vipuri alivijua kwa Kifaransa. Basi tovuti ya Kifaransa ni lazima. Lakini barabara ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, inaleta watu wengine. Malori yanatoka Dar es Salaam, yanapita Tunduma na kukatiza Zambia, na dereva wa Kitanzania akipata tatizo la gia anatafuta gereji na spea kwa Kiswahili chake. Gereji yenye ukurasa mmoja wa Kiswahili safi, wenye bei na ramani, itakuta ushindani mdogo mno. Mpinzani wa SEO atasema papo hapo: ushindani ni mdogo kwa sababu hata watafutaji ni wachache. Ni kweli. Lakini dereva mmoja mwenye lori lililokwama si sawa na wapita njia mia wanaoangalia picha. Kwa anayeuza kitu cha bei kubwa, uchache huo unatosha.

Kwa anayeuza vikwembe, yaani vitenge, katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubum, hautoshi kamwe. Mteja wake hatafuti kwenye Google. Anaona kitambaa kwenye status ya WhatsApp ya shangazi, anauliza bei, anatuma pesa kwa simu. Muuza unga hivyo hivyo. Kumtoza mama huyo dola za kila mwezi ili aonekane kwa watu ambao hawaandiki wanachotafuta ni kumwibia, hata kama kazi imefanywa kwa uaminifu wote. Hapa nasimama na wapinzani bila kusita.

Katikati yao wako wenye nyumba za wageni, maduka ya dawa, zahanati na gereji za mjini. Hawa tovuti si haja yao ya kwanza. Haja yao ni kuonekana kwenye ramani ya Google, na kujiandikisha huko hakulipiwi. Google inasema matokeo ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: unavyolingana na kilichoulizwa, umbali, na jinsi unavyojulikana. Katika mji ambao watu huelekezana kwa kituo cha mafuta, kanisa na njia ya reli, alama sahihi kwenye ramani, saa za kazi na picha ya mlango wenyewe ni nusu ya biashara. Nimeshangaa kuona kazi hii ya bure ikiuzwa kama siri ya kitaalamu.

Hasara zenyewe ziko wapi? Ya kwanza ni muda. Google wenyewe wamewahi kueleza kwamba kwa kawaida kazi ya SEO huchukua kati ya miezi minne na mwaka mzima kabla faida yake haijaanza kuonekana, na wanasema wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Kwa hiyo anayekuahidi paje ya kwanza ndani ya wiki mbili ama hajui kazi, ama atakuweka juu kwa jina la kampuni yako, jina ambalo hakuna mwingine anayelitumia.

Ya pili ni njia za mkato. Tangu Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, kiungo kutoka tovuti nyingine kinahesabiwa kama kura, na palipo na kura kuna wanaozinunua. Mwezi Februari 2006 Google iliitoa tovuti ya BMW ya Ujerumani kwenye matokeo yake kwa sababu ya kurasa zilizotengenezwa kuidanganya mashine. Mwaka 2011 duka kubwa la Marekani, J.C. Penney, liliteremshwa baada ya gazeti la New York Times kufichua viungo vya kununuliwa. Machi 2024 sheria zikakazwa dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi bila faida kwa msomaji, nazo ni kazi rahisi mno leo kwa programu za akili mnemba. BMW walirudishwa baada ya siku chache. Duka la vipuri la Kampemba likitolewa, nani ataligundua, sembuse kulirudisha?

Ya tatu inasemwa sana, ila haiwagusi wote. Tangu Mei 2024 Google ilianza Marekani kuweka juu ya matokeo majibu yaliyoandikwa na akili mnemba, na msomaji akitosheka hapo hafungui tovuti yoyote. Kwa gazeti la mtandaoni linaloishi kwa matangazo, hilo ni pigo. Kwa muuza pampu si pigo: haishi kwa kusomwa, anaishi kwa kupigiwa simu, na pampu haitoki ndani ya jibu.

Kuna pia uzito wa kurasa. Google sasa hupima tovuti kwa sura yake ya kwenye simu, lakini tovuti za hapa hujazwa picha zinazozunguka na kumaliza mega za intaneti za mtu wa mtaa wa Katuba kabla namba ya simu haijatokea. Hilo ni la kurekebisha mara moja na kumaliza, si la kulipia kila mwezi.

Anayeamua kulipa aangalie kwanza nani ameandikwa kuwa mwenye domeni, yaani jina la tovuti kwenye intaneti, na mwenye akaunti ya ramani. Mara nyingi ni fundi, na siku mkigombana anaondoka na vyote. Kisha adai kufunguliwa Search Console, chombo cha bure cha Google kinachoonyesha maneno watu waliyoandika kabla ya kuiona tovuti yako, na mara ngapi waliifungua. Baada ya miezi sita, kama maneno hayo ni jina la kampuni yako tu, wageni hao walikuwa wanakujua tayari na hukuletewa mtu. Kama kuna "roulement", "pompe", "gereji Kasumbalesa", lipa mwezi wa saba.