Si sauti iliyommaliza Keaton
Makala yenu ni nzuri, ila hapo mlipoandika kwamba Buster Keaton, yule mchekeshaji wa filamu bubu, alizamishwa na ujio wa filamu za sauti, mimi sikubali. Jamaa alikulia jukwaani na wazazi wake, babake akimrusha huku na huko watu wacheke. Sauti imtishe kwa lipi? Kilichomponza ni mkataba wa 1928 na MGM, kampuni kubwa ya filamu ya Hollywood. Kabla ya hapo alikuwa na studio yake, vichekesho akivibuni papo hapo. Kule MGM akanyimwa usemi kwenye kazi yake mwenyewe, pombe ikamalizia.

Na mbona hamkutaja ile nyumba? Katika filamu yake ya Steamboat Bill, Jr. (1928) ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia, ukuta wa kweli kabisa, naye anapona kwa kuwa amesimama sawasawa palipo na uwazi wa dirisha. Uso haukunji hata kidogo! Huyu ndiye aliyevunjika shingo akitengeneza filamu ya Sherlock Jr., asijue mpaka daktari alipoiona kwenye eksirei miaka kadhaa baadaye.

Niliwaonyesha wanangu kipande hicho cha ukuta kwenye simu. Wakaniuliza imetumika kompyuta gani.