Muda sawa hautoshi

Mwandishi mmoja anaandika kwamba mjadala wa siasa huwa na mizani pale kila upande unapopewa muda sawa, sikubaliani naye. Kijiweni kwetu Mikindani, mkoani Mtwara, tulipojadili uamuzi wa Serikali ya Tanzania wa Novemba 2018 wa kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, aliyeusifu aliitwa kada wa chama tawala hata kabla hajamaliza sentensi. Upendeleo huanzia hapo, msemaji anapopimwa kwa chama anachodhaniwa kuwa nacho. Mzee mmoja, mkulima tangu ujana wake, aliuliza tu uhakiki wa magunia yake ya korosho, unaotangulia malipo, utafanyika lini, akaambiwa ametumwa na wapinzani. Stakabadhi ya ghala, hati inayoonyesha korosho alizopeleka ghalani, alikuwa nayo mkononi, imekunjwa mara nne, wala hakuna aliyeomba kuiona.