Sabuni Tumeleta, Beseni Je?

Kwaresima moja tulifunga safari, jumuiya nzima na kwaya, kwenda kwenye makazi ya watu walioathirika na ukoma. Coaster imejaa, magunia ya sembe, katoni za sabuni, na kijana wa kupiga picha. Somo la siku lilikuwa Naamani, yule jemadari wa kwenye Biblia aliyeponywa ukoma. Mhubiri alichangamka, akasema dhambi ni ukoma wa roho, na kwamba mwenye dhambi ananuka mbele za Mungu. Wenyeji wetu walikuwa wamekaa mabenchi ya mbele, baadhi wamefunika mikono kwa khanga. Mama mmoja akaitikia "Amina". Ulipofika wakati wa kutakiana amani, wengi wetu tulipunga mkono kwa mbali, kama wasafiri wanaoaga stendi. Nilipunga na mimi, sitajitoa.

Kwa aibu nikatazama chini. Mzee aliyekaa jirani yangu alivaa kandambili mbili zisizofanana, na kisigino kimoja kilikuwa na kidonda cha kuingia kidole gumba.

"Mzee, hakiumi?"

Akacheka. "Kingeuma, mwanangu, ningekijua mapema. Mjukuu ndiye aliyeona msumari umetoboa ndala."

Ukoma wenyewe ndio huo. Watu wengi bado wanaamini vidole vinadondoka vyenyewe, kumbe vimelea hushambulia mishipa ya fahamu, ngozi ikafa ganzi. Mtu anaepua sufuria ya moto bila kuhisi, anatembea na mwiba siku tatu, na kidonda kikioza ndipo kiungo hupotea. Paul Brand, daktari mmishonari aliyefanya kazi Vellore, India, alitumia miaka mingi kuwaonyesha wenzake jambo hili. Dawa mseto zipo, hutolewa bure, za miezi 6 au 12 kutegemea aina ya ugonjwa, na akishaanza kuzimeza mgonjwa hukoma upesi kuambukiza. Lakini mshipa uliokwisha kufa mara nyingi haufufuki. Aliyepona zamani anaamka kila asubuhi na miguu ileile isiyosikia.

Kwa hiyo kila siku anahitaji beseni la maji ya kuloweka miguu, jiwe la kusugulia magaga, mafuta ya kupaka maji yasikauke kwenye ngozi, jicho la mtu wa kumkagua nyayo, na viatu vyenye soli ngumu chini na laini ndani. Sembe waliipokea kwa shukrani, njaa haibagui. Ila kwenye ile Coaster hapakuwa na beseni hata moja, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Siwabezi Wakristo waliotangulia katika kazi hii. Robin Lamburn, kasisi wa Kianglikana kutoka Uingereza, alihamia kijiji cha Kindwitwi, Rufiji, miaka ya 1960, katika wilaya ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu, akakaa na watu wenye ukoma mpaka alipofariki mwaka 1993. Mtu aliyehamia kijijini anajua nani ana kidonda na nani ndala yake imekatika. Sisi wa Jumamosi moja tunajua idadi ya magunia.

Na mahubiri nayo. Wahubiri wetu wasome Walawi 13 na 14 polepole: ukoma unaotajwa pale unashika hata nguo, hata kuta za nyumba. Umewahi kuona ukuta wenye ganzi? Maradhi ya mzee yule ni mengine kabisa, yana vidonge vyake hospitali. Lakini tumeyafanya mfano wa dhambi, halafu tunashangaa kijana mwenye baka lisilo na hisia anapolificha chini ya shati mpaka vidole vipinde. Sadaka yetu inalisha watu ambao mimbari yetu imesaidia kuwatenga.

Nilirudi kule baadaye, sisi watatu tu, na mabeseni. Mzee akaniuliza kwaya iko wapi, nikamwambia imepumzika. Nimempata pia fundi viatu aliye tayari kujaribu. Amesema nisimpelekee namba za viatu, maana miguu ile hailingani. Anataka mchoro wa kila unyayo. Jumamosi nakwenda na kalamu ya wino mzito na maboksi ya kukata.